SOMO LA MAKATIBU: KUFUNGA KAZI YA UJENZI NA KULINDA MUDA WA MATAZAMIO

Chama cha msingi kinapojenga ghala, jambo linalojadiliwa sana katika mkutano mkuu ni fedha za kuanzia kazi. Namna kazi inavyofungwa hujadiliwa kidogo mno. Wanachama wengi huiona siku ya kupokea funguo kuwa ndiyo mwisho wa ujenzi: mgeni rasmi hukata utepe, wazee hukaa viti vya mbele, na baada ya siku chache pamba huanza kuingia. Kwa mujibu wa mkataba, siku hiyo ndiyo muda wa matazamio unapoanza kuhesabiwa, yaani muda ambao mkandarasi bado anawajibika kurekebisha kwa gharama yake kasoro zitokanazo na kazi yake au vifaa alivyoleta.

Katika muda huo chama huwa kimeshika fedha ya zuio. Mikataba mingi ya ujenzi huagiza kwamba sehemu ndogo ya kila malipo, mara nyingi asilimia 5 au 10, ibaki mkononi mwa mwenye jengo. Nusu yake hulipwa jengo linapopokelewa. Nusu ya pili hulipwa muda wa matazamio ukiisha na kasoro zikiwa zimeondolewa. Kwa mfano, ghala la shilingi 80,000,000 lenye zuio la asilimia 10 huacha shilingi 8,000,000. Siku ya makabidhiano mkandarasi hupata 4,000,000, na 4,000,000 hubaki. Hiyo ndiyo kamba iliyobaki mkononi mwa chama. Mkandarasi aliyekwisha kulipwa hadi senti ya mwisho si rahisi kumwita kutoka Mwanza aje kuziba bati huko Itilima.

Hapana budi fedha hiyo iandikwe vitabuni kuwa ni deni la chama kwa mkandarasi, wala isihesabiwe kuwa ziada. Kamati ikiitumia kununulia viuatilifu, siku ya kudai matengenezo itakuwa haina cha kulipa wala cha kuzuia, na mkandarasi atalijua hilo mapema kuliko wanachama.

Sasa yafaa kutazama ardhi na mvua za kwetu, kwa kuwa hapo ndipo vyama vya Mkoa wa Simiyu vinapoweza kupoteza haki yao bila kujua. Mvua za Bariadi, Maswa na Meatu huanza kwa kawaida mwezi Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Ghala likipokelewa tarehe 20 Juni, kwa mkataba wa matazamio ya miezi 6, muda utakwisha tarehe 20 Desemba, paa likiwa limeonja mwanzo tu wa mvua. Zaidi ya hayo, maeneo mengi yana udongo mweusi wa mbuga. Udongo huo huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, na msingi usiochimbwa vizuri hufuata mwendo huo. Ufa wa ukuta unaoletwa na mbuga hauwezi kujulikana katika kiangazi kimoja. Kwa hiyo chama kinachojenga juu ya mbuga kisikubali matazamio yaliyo chini ya miezi 12. Jambo hili hudaiwa kabla ya mkataba kutiwa sahihi. Baadaye ni kuomba fadhila. Nalo si dogo kwa mkulima: pamba iliyolowa ghalani huharibika rangi, na iliyopaswa kuuzwa kuwa safi huishia kuwa fifi.

Tatizo linalobaki ni kumbukumbu. Mwaka mmoja ni mrefu. Katibu huhamishwa, kamati hubadilishwa kwa uchaguzi, na faili hufunikwa na stakabadhi za msimu mpya. Hapa kompyuta ina kazi yake halisi. Makampuni makubwa ya ujenzi duniani hutumia programu maalumu, kama Procore ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 2002, ambamo orodha za kasoro, picha, michoro na hati za dhamana hukaa mahali pamoja. Programu za namna hiyo hulipiwa ada na zimekusudiwa wenye miradi mingi; chama chenye ghala moja hakina sababu ya kuinunua. Nao Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika (MUVU) una shughuli zake. Dhamana za jengo zahitaji daftari lake. Programu ya majedwali kama Excel, au LibreOffice Calc isiyolipiwa, yatosha kabisa.

Katibu afungue jedwali na kuandika katika mstari wa kwanza: A, kitu, B, aliyekileta, C, namba ya risiti au hati, D, tarehe ya kuanza, E, idadi ya miezi, F, mwisho wa muda, G, siku zilizobaki. Katika F2 aandike =EDATE(D2,E2) na katika G2 aandike =F2-TODAY(). Baadhi ya kompyuta hutaka nukta mkato mahali pa mkato. Katibu asishtuke F2 ikionyesha 46193. Hiyo ni hesabu ya siku inayotumiwa na kompyuta, na akiibadili iwe ya tarehe itasomeka 20 Juni 2026. Jengo lenyewe lipewe mstari wake. Bati, mizani, pampu na betri za umeme wa jua zipewe mistari mingine, maana dhamana za viwanda zina muda tofauti na wa mkandarasi, na mara nyingi hazikubaliwi pasipo risiti. Risiti hizo, pamoja na michoro ya jengo kama lilivyojengwa, zidaiwe kabla ya kulipa nusu ya kwanza ya zuio.

Kasoro nazo ziwe na ukurasa wake: mahali, maelezo, picha ya simu, tarehe mkandarasi alipoarifiwa kwa barua, tarehe aliporekebisha. Simu ya mdomo haihesabiwi. Kompyuta haitapanda darini kutazama kenchi; hukumbusha tu kile ilichoandikiwa. Kwa hiyo siku zilizobaki zikifika 60, kamati na fundi wa kujitegemea wazunguke jengo lote, barua ipelekwe, na nakala yake isainiwe kwamba imepokelewa. Jedwali lichapwe kila robo mwaka na kuwekwa kwenye faili, na nakala ya kompyuta ihifadhiwe pia katika ofisi ya Chama Kikuu, kwa kuwa kompyuta huibiwa na mchwa hula karatasi.

Maswali ya kujadiliwa na kamati:

Jengo la mwisho la chama chenu lilipokelewa tarehe ngapi, na hati ya makabidhiano iko wapi?

Fedha ya zuio iko katika akaunti ipi, na ni nani anayeweza kuitoa?

Ghala la shilingi 60,000,000 lina zuio la asilimia 5 na lilipokelewa tarehe 10 Agosti. Kiasi gani kilibaki baada ya makabidhiano, na chini ya matazamio ya miezi 12 ukaguzi wa siku 60 uangukie tarehe gani?