Jitazame Kabla Hujakaguliwa: Video kwa Walimu Watarajiwa wa Sayansi

Mkaguzi wa mazoezi ya kufundisha tunamjua. Anaingia, anakaa dawati la nyuma na fomu yake, kipindi kikiisha anakwambia "ongeza ushirikishwaji wa wanafunzi", anasaini, anaondoka. Umeambiwa udhaifu wako, lakini hujauona. Hapo ndipo video inasaidia.

Wazo lenyewe si la jana. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Dwight Allen na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walianzisha ufundishaji mdogo. Mwalimu mtarajiwa anafundisha dakika 5 hadi 10 mbele ya wanafunzi wachache, akizingatia stadi moja tu. Anarekodiwa, anajitazama pamoja na mkufunzi, kisha anafundisha tena.

Kwa sisi wa sayansi, stadi nzuri ya kuanza nayo ni kusubiri. Mtafiti Mary Budd Rowe alichunguza kanda za sauti za vipindi vya sayansi katika shule za msingi za Marekani. Aligundua kwamba mwalimu akishauliza swali, kwa kawaida alisubiri kama sekunde 1 tu, halafu akarudia swali au akamwita mwingine. Walimu walipojizoeza kusubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka, kukaa kimya kukapungua, na wanafunzi waliodhaniwa wazito wakaanza kuchangia.

Chukua mada ya kutu. Unauliza: "Kwa nini msumari wa kwenye maji ya bomba umeshika kutu, lakini ule wa kwenye maji yaliyochemshwa na kufunikwa mafuta haujashika?" Hapo mwanafunzi lazima afikirie hewa, maji na kazi ya mafuta. Ukimpa sekunde 1, atajibu yule yule wa tuisheni, nawe utatoka ukiamini darasa zima limeelewa. Ukiwa umesimama ubaoni huwezi kujua ulisubiri kiasi gani, maana ukimya mfupi unauona mrefu mno. Video itakuonyesha.

Fanya hivi:

1. Omba ruhusa kwa mkuu wa shule na mwalimu wa somo, na waeleze wanafunzi unachofanya. Video hiyo haiendi kwenye stetasi wala kwenye magrupu.
2. Simu ikae pembeni, ione wanafunzi na wewe.
3. Mara ya kwanza tazama tu. Utashangaa sauti na mikono yako, acha ipite.
4. Mara ya pili, shika saa. Kwa kila swali andika: umesubiri sekunde ngapi, nani amejibu, amekaa wapi. Kama ni kipindi cha maabara, andika nani ameshika vifaa na nani ananakili tu matokeo.
5. Chagua jambo moja, rekebisha, rekodi tena.

Kuna hatari moja. Video ikiwa ya maksi tangu siku ya kwanza, tutaigiza. Mtu atachagua mkondo wenye vichwa, atawapa majibu jana yake, na mkaguzi ataletewa filamu safi isiyomfundisha mtu kitu. Kwa hiyo vitivo vinavyofikiria kutumia video viache rekodi za mwanzo ziwe za mwanafunzi na wenzake wawili watatu, bila alama. Ya kukaguliwa ije baadaye, ikiambatana na maelezo mafupi ya alichobadilisha na kwa nini.

Kabla ya hapo hatuhitaji kusubiri kitivo. Simu tunazo, na wenzetu wa kutukosoa tunalala nao hosteli moja.