Askari wa Akiba: Kwa Nini Huandikwa, Kisha Hutoka?

Askari wa akiba ni mtu mwenye kazi yake mwenyewe, huyu seremala, huyu karani, huyu mwalimu, naye hufundishwa uaskari nyakati za jioni na siku za mwisho wa juma, ili vita vikitokea aweze kuitwa. Faida yake kwa Serikali ni dhahiri, kwani hahitaji kulishwa wala kulazwa kambini mwaka mzima. Taabu yake nayo si ndogo, na leo twataka kuieleza kwa mfano wa Uingereza, nchi iliyolijaribu shauri hili kwa zaidi ya miaka 100.

Mwaka 1908 Bwana Haldane, Waziri wa Vita, aliwakusanya askari wa kujitolea wa zamani akawafanya jeshi moja la akiba, likitunzwa na mabaraza ya wilaya. Mtu alijiandika kwa miaka 4, na kila mwaka alipaswa kwenda kambini siku 8 mpaka 15. Walitakiwa watu zaidi ya 300,000. Mwanzo walikuja wengi kwa furaha, lakini kufikia 1913 walikuwa wamebaki wapata 245,000 tu. Wasomaji wasidhani ya kuwa walikuwa waoga, maana vita vya 1914 vilipoanza wengi wao walikubali kwenda ng'ambo, hali sheria haikuwalazimisha. Taabu ilikuwa ruhusa. Matajiri wengi hawakupenda kuwaachia watu wao, na kibarua asiyekuwa na likizo ila siku chache kwa mwaka alizitoa zote kambini, mkewe akitazama.

Miaka mia baadaye mambo yalijirudia. Mwaka 2013 Serikali ya Uingereza ilikuwa ikilipunguza jeshi la kudumu kutoka watu 102,000 hata 82,000, ikataka askari wa akiba waliofundishwa wawe 30,000 ifikapo 2018. Basi hapo palikuwa na hatari, kwani wa kudumu walianza kutolewa kabla wa akiba hawajapatikana, kama mtu abomoaye ghala kuukuu na jipya halijaezekwa. Kazi ya kuandika watu ilikuwa imekabidhiwa kampuni, na mitambo ya kompyuta ikaleta fujo. Kijana aliyeomba kwa moyo alingoja miezi mingi apate jibu, na wengine moyo ukapoa wakaenda zao. Mwaka wa kwanza hesabu ya waliofundishwa haikupanda ila kidogo sana. Mwaka 2018 ulipofika, wale 30,000 hawakuwa wametimia.

Hata hivyo twaona kuandika watu ndiko kwepesi. Kuwazuia wasitoke ni kugumu zaidi, na hasara yake haionekani upesi. Anayeondoka baada ya miaka 3 huondoka na mafunzo yake yote, na aingiaye mahali pake huanza kwa kujifunza kufunga viatu. Daftari yaweza kuonyesha watu walewale 100, kumbe nusu yao hawajui kazi.

Ili kuwashika, askari hupewa ujira wa kila siku ya mafunzo, na juu yake bahashishi ya mwaka isiyotozwa kodi. Lakini haipati mpaka atimize siku zake, kwa wengi siku 27, na mkubwa wake athibitishe kwamba amefaa. Bahashishi huja mara moja tu, bali uchovu huja kila juma. Mtu aliyeacha watoto nyumbani Jumamosi, akafika akaambiwa afagie bohari kwa sababu magari ya mazoezi hayapo, huyo hatakaa sana. Akipewa kazi ya kweli na mkubwa anayejua jina lake, huvumilia hata mvua.

Tajiri naye amefikiriwa. Tangu mpango ule wa 2013, mwenye biashara ndogo hulipwa pauni 500 kwa mwezi kwa kila mtu wake aliyeitwa vitani. Pesa hizo ni msaada, ila mwenye karakana ya watu watano akiondokewa na fundi mmoja, wa badala atakayekubali kazi ya miezi michache tu hapatikani kwa urahisi.