Dondoo muhimu: Kabla na baada ya kununua Datsun 240Z

Gari hili, mshindi wa Safari Rally mwaka 1971 na 1973, humalizwa na kutu kuliko injini. Kabla hujalipa, inua kapeti, gongagonga sakafu, chungulia chini ya betri. Ukikuta rangi mpya juu ya bati lililovimba, achana nalo, hata likiwa zuri kiasi gani.

Injini ya silinda 6, lita 2.4, ni ngumu kweli. Badilisha oili kwa wakati na upime nafasi za vali. Kabureta zake mbili zisetiwe pamoja, na fundi anayejua kuzisikiliza.

Mpira wa petroli ukianza kupasuka, badilisha siku hiyohiyo: kabureta zimekaa juu ya eksozi, na tone moja linatosha kuwasha moto.