Usalama na Hatari Nyikani: Mfano wa Mlima Kilimanjaro

Safari ya nyikani haikosi hatari. Anayetaka usalama wa asilimia mia atabaki nyumbani, na mlima hatauona. Kwa hiyo mtahini hakuulizi namna ya kuondoa hatari zote. Anataka ueleze namna ya kuzipima na kuzipunguza.

Maswali mawili ya kukumbuka

(a) Uwezekano: jambo hilo hutokea mara nyingi au mara chache?
(b) Madhara: likitokea, litaumiza kiasi gani?

Kunyeshewa msituni kuna uwezekano mkubwa, lakini madhara ni madogo ukiwa na koti la mvua. Ugonjwa mkali wa mwinuko hauwapati wengi, lakini huua. Hatari ya namna hii ipewe uzito kwanza.

Mfano

Kilele cha Uhuru kina urefu wa mita 5,895. Huko mgandamizo wa hewa ni karibu nusu ya ule wa pwani, hivyo kila pumzi huingiza oksijeni kidogo.

*Angalizo:* Usiandike kwamba asilimia ya oksijeni imepungua. Bado ni takriban 21 ya hewa yote. Kilichopungua ni mgandamizo.

Katika njia ya Marangu, wapandaji hulala Mandara (takriban mita 2,700), Horombo (3,700) na Kibo (4,700). Ushauri wa kitabibu ni kwamba ukishapita mita 3,000, usilale zaidi ya mita 500 juu ya ulipolala jana. Kutoka Horombo hadi Kibo ni mita 1,000, yaani mara mbili ya kiasi hicho. Ndiyo sababu wengi huongeza siku moja Horombo: mchana hupanda juu kidogo, jioni hurudi kulala. Siku hiyo hugharimu fedha na muda. Haiondoi hatari, bali huipunguza.

Swali la majaribio

Mmeondoka Kibo saa sita usiku. Baada ya saa mbili rafiki yako anaumwa kichwa, anatapika na kuyumba kama mlevi. Anakataa kurudi kwa sababu amejichangia safari hii miaka miwili. Utafanya nini? Toa sababu. (Alama 5)

Mwongozo wa jibu

Mwarifu kiongozi wa safari. Rafiki ashushwe mara moja, akisindikizwa, hata kama ni giza. Kuyumba ni dalili kwamba ubongo umeathirika, hivyo uamuzi wake mwenyewe hautegemewi tena. Tiba kuu ni kushuka. Ukijibu "apumzike hadi asubuhi", utapoteza alama, na mlimani ungeweza kumpoteza rafiki.

Malizia jibu lako kwa kulinganisha: fedha za safari huchangwa upya na kilele kitakuwepo mwakani, lakini uhai haurudi.