Mji wa Kale Ukitakiwa Kujengwa Upya: Mkazi Afanye Nini?

UNESCO iliuingiza Mji wa Kale wa Lamu katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Majumba ya mawe peke yake hayakutosha kuupa heshima hiyo. Watu bado wanaishi humo, wanaswali, wanafanya biashara na kuozesha watoto wao. Ndiyo maana likija pendekezo la kupanua njia ya pwani, kujenga soko jipya au kugeuza jumba la kale kuwa hoteli, mji mzima huzungumza, kuanzia Mkomani hadi Langoni. Kijana anataka kazi. Mwenye nyumba anataka kuongeza ghorofa wanawe wapate pa kukaa. Mzee anahofia kuamka siku moja asiwajue majirani. Wote wana haki ya kusikilizwa. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuifanya sauti yako iwe na nguvu mbele ya sheria.

Omba karatasi mapema

Kifungu cha 35 cha Katiba ya Kenya kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016, ombi huandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza. Asiyeweza kuandika ana haki ya kuandikiwa na afisa husika, na jibu linatakiwa litoke ndani ya siku 21. Omba ramani, idadi ya ghorofa, ripoti ya athari kwa mazingira, na maelezo ya mahali watakapopelekwa wapangaji na wachuuzi. Peleka barua nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo.

Usikubali utambulisho uitwe ushirikishwaji

Mwezi Juni 2019, jopo la kitaifa linaloamua rufaa za mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa Lamu. Mikutano ilikuwa imefanyika, lakini jopo liliona ilikuwa ya kuutambulisha mradi tu, kabla utafiti haujakamilika. Wananchi hawakupata nafasi ya kuijadili ripoti yenyewe na yaliyomo ndani yake.

Basi ukiitwa mkutanoni, uliza kwanza: ripoti iko wapi, na tumepewa siku ngapi kuisoma? Hakikisha hoja yako imeingia katika kumbukumbu za mkutano. Karatasi ya mahudhurio isomeni kabla ya kutia saini. Iwe inasema mlihudhuria tu, isigeuzwe kuwa ushahidi kwamba mlikubali.

Ijue nyumba kabla ya kuitetea

Kuta za kale za Lamu ni mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zimebebwa na boriti za mikoko. Vyumba ni virefu na vyembamba kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti. Chokaa huuachia unyevu utoke. Ukuta huo ukipigwa plasta ya saruji, maji na chumvi hunaswa ndani, plasta hubanduka vipande vipande, na ncha za boriti huoza ndani ya ukuta. Ghorofa ya zege ikiongezwa juu, msingi hubebeshwa uzito ambao haukujengewa.

Kwa hiyo pingamizi lisiishie kwenye “tunaharibiwa mji”. Taja jengo, taja ukuta, eleza kitakachotokea, kisha pendekeza njia nyingine. Mafundi wa chokaa na maafisa wa uhifadhi wa Makumbusho ya Kitaifa wanaweza kukusaidia kuipa hoja uzito.

Zihesabu siku

Chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019, anayepinga uamuzi wa kaunti kuhusu kibali cha ujenzi ana siku 14 kukata rufaa kwa kamati ya kaunti ya usuluhishi wa mipango ya ardhi. Asiporidhika, huenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Rufaa dhidi ya leseni ya mazingira ina muda mrefu zaidi, siku 60. Andika tarehe ya uamuzi siku ileile unapousikia.

Waite wasioitwa

Mikutano mingi hujaa wenye nyumba na viongozi. Mpangaji wa chumba, mama anayeuza mahamri asubuhi, mpagazi na mwenye punda ndio huathirika kwanza mradi ukianza, na mara nyingi hawaulizwi. Iombeni kaunti ipange mkutano saa ambayo wanaweza kuja, na uendeshwe kwa lugha wanayoielewa.

Anayeuunga mkono mradi naye aandike, na ataje masharti yake: vijana wangapi wa Lamu waajiriwe, kodi ya vibanda isizidi kiasi gani, kazi ya chokaa ifanywe na nani. Ahadi ya mdomo haina mahali pa kudaiwa. Sharti lililoandikwa ndani ya kibali linaweza kupelekwa mahakamani.