Mshale wa Mwendo katika Motokaa ya Nyumbani

Mwenye kuketi nyuma ya usukani wa motokaa ya nyumbani iliyoletwa kwetu kutoka Japani, ikiwa ni Corolla au nyingineyo ya kadiri hiyo, aghalabu huona tarakimu za mwendo zikipanda mpaka 180, na wengi hudhani kwamba tarakimu hiyo ya mwisho ni dhamana ya mtengenezaji, yaani kwamba gari zima, tangu boneti hata buti, limehakikishwa kuhimili mwendo huo. Dhana hiyo si sahihi. Kilomita 180 kwa saa ni haddi waliyopatana watengenezaji wa Japani kwa motokaa za soko la nchini mwao, injini isiipite. Wala hawakuahidi lolote juu ya matairi yaliyochakaa, wala breki, sembuse macho ya dereva.

Inama ubavuni mwa tairi usome. Mwisho wa maandishi ya kipimo chake pana herufi moja: S ni kilomita 180 kwa saa, T ni 190, na Q ni 160 tu. Baadhi ya motokaa hushushwa Mombasa na Dar es Salaam zikiwa zingali na matairi ya theluji, yenye herufi hiyo ya Q na mpira laini usiopatana na lami ya jua kali, na mnunuzi, kwa kuona kashata zake zingali nzima, huyafurahia. Tazama pia tarakimu nne za tarehe: 2316 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2016, na mpira wa umri huo, hata usipokuwa kipara, umekwisha kukakamaa.

Juu ya lami kavu, kwa matairi mazima na dereva aliye macho, motokaa iendayo kilomita 50 kwa saa huhitaji takriban mita 28 ili isimame: nusu yake hupita katika ile sekunde moja ambayo akili hutambua hatari na mguu huhamia breki, na nusu ya pili ni kazi ya breki zenyewe. Kwa 100 huhitaji mita 84 hivi, na kwa 180 zaidi ya 230. Basi mtoto akichomoka ghafula umbali wa mita 28, yule wa 50 atasimama mbele yake. Na yule wa 100, ajapokuwa hodari kama mwenziwe, atafika hapo mguu wake ndio kwanza unagusa breki. Kikomo cha kilomita 50 penye makazi, kilichomo katika sheria za Tanzania na Kenya, kina maana hiyo, nasi twamsihi kila mzazi aitafakari.

Ama bodi na mikanda, mtihani mashuhuri wa kugongesha motokaa kwa mbele ulifanywa miaka mingi katika mwendo wa kilomita 64. Kishindo hukua kwa mraba wa mwendo, hata kwenye 180 kikawa karibu mara nane.

Usiku hali huzidi kuwa nzito, kwani taa zikiinamishwa humulika mita hamsini hivi, na lori lililoharibika huenda halina ila matawi yaliyotandazwa nyuma yake. Kwa hiyo apitaye kilomita 70 kwa saa kwa taa hizo hataweza kusimama ndani ya upeo wa macho yake.