King'ora cha Nyumba Kikikataa Kunyamaza

Stima ikipotea usiku na king'ora kianze kulia bila mwizi yeyote, shuku betri kwanza. Ndani ya lile sanduku la ukutani mna betri ya volti 12, na baada ya miaka 3 hadi 5 huwa imechoka.

Bonyeza namba yako ya siri kwenye kibao. Kwa kawaida kelele huisha hapo. Zikirudi, zima stima ya sanduku kwenye swichi, kisha uchomoe waya wa betri. Kuzima stima peke yake hakutoshi. Ving'ora vingi vya nje vina betri yao wenyewe, kwa hivyo usishangae kikiendelea kidogo.

Lakini shida kubwa ni hii. Namba ziko mbili: yako ya kuwasha na kuzima, na ya fundi, inayobadilisha mpango wote. Vijitabu pia ni viwili, na mafundi wengi huondoka na kile chao. Sasa fundi akihama? Mitambo mingine akiifunga, hata ukichomoa kila kitu namba yake haifutiki, na itabidi ununue mtambo mpya.

Basi kabla hujamaliza kulipa, dai kijitabu cha fundi pamoja na namba yake. Ile ya kiwandani ibadilishwe mbele yako, maana imechapishwa kitabuni na mafundi wanaijua. Iandike uifiche vizuri, siyo kwenye karatasi kando ya kibao (wapo wanaofanya hivyo!).